Jani la Mpakani

Mgeni atokaye pwani, akiuacha mji wa Moshi nyuma yake na kuanza kupanda kuelekea Old Moshi, Kibosho au Marangu, huenda akadhani kwamba kitakachomshangaza ni theluji ya Kibo. Aghalabu theluji hiyo huwa imefunikwa na mawingu, haionekani ila alfajiri au jua linapokaribia kutua. Kitakachomjaa machoni ni kijani: migomba, mibuni chini ya migomba, na miti mikubwa iliyoachwa isimame ili itie kivuli. Na baina ya kihamba cha huyu na kihamba cha yule ataona ua wa mmea mwembamba, wenye majani marefu yaliyochongoka, uliopandwa kwa safu. Mmea huo Wachagga huuita isale, na ikiwa mingi huitwa masale.

Mmea huo una kazi nyingi, nami nitazitaja mbili. Ya kwanza ni kuweka mpaka. Ilipo safu ya masale ndipo ardhi ya mtu inapokoma na ya jirani yake inapoanza, na kuing'oa safu hiyo ni kosa kubwa. Kazi ya pili ni kuomba msamaha. Mtu aliyemkosea mwenzake huchuma jani la isale, pengine akalifunga fundo, akalipeleka mwenyewe au akamtuma mzee alipeleke kwa niaba yake. Aliyekosewa akiletewa jani hilo, mila inamtaka asamehe. Kulikataa ni kujitafutia aibu na nuksi mbele ya ukoo mzima.

Kwa miaka mingi nimeutazama mmea huu bila ya kujiuliza swali lililokuwa wazi mbele yangu: kwa nini kitu kilekile kinachotutenga ndicho kinachotupatanisha? Wazee wangaliweza kuchagua jani lolote la mlimani liwe alama ya msamaha. Walichagua la mpakani. Naamini kwamba ndani ya uchaguzi huo mna jibu la swali jingine, zito zaidi, ambalo sisi wa zama hizi hatuna budi kulikabili: Je, muumini anaweza kuziweka kando tofauti za dini ili aishinde chuki, bila ya kuisaliti dini yake?

Swali hili si la mapambo. Msomaji wa visiwani anayajua yaliyopita, lakini si vibaya yakatajwa. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, Katibu wa Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali. Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, Padri Evarist Mushi alipigwa risasi akafa, alipokuwa akifika kanisani kusalisha misa. Mushi ni jina la ukoo linalotoka Kilimanjaro, na siku ile msiba wa kisiwani ulikuwa msiba wa mlimani pia. Mwezi uleule, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja mnyama wa kuuzwa buchani uliishia kwa kuuawa mchungaji.

Nilikuwa Moshi siku hizo. Nakumbuka niliyoyasikia barazani kwetu, Majengo, baada ya sala ya magharibi, na niliyoyasikia kesho yake katika soko la Mbuyuni kwa wauza ndizi walioteremka kutoka mlimani. Hadithi zilikuwa mbali mbali, walakini neno lililozibeba lilikuwa moja, nalo ni "wale". Wale ndivyo walivyo. Wale hawaaminiki. Kazi yangu ni kufasiri, na mfasiri huzoea kupima maneno kama sonara apimavyo dhahabu. Siku zile nilitambua kwamba chuki ya kidini haina haja ya msamiati mpana. Neno moja la wingi laitosha. Aliyemmwagia sheikh tindikali alikuwa mtu, na aliyempiga padri risasi alikuwa mtu. Lakini ulimi ukishasema "wale", mtu mmoja hugeuka kuwa umma, na kosa lake huwa deni la watoto ambao hawajazaliwa.

Wala mtu asidhani kwamba mlimani kutoaminiana ni baina ya Waislamu na Wakristo tu. Wakristo wenyewe wametazamana kwa jicho la pembeni kwa muda mrefu. Waanglikana wa CMS walifika Moshi mwaka 1885, zama za Mangi Rindi. Mwaka 1892, baada ya Wajerumani kushindwa vitani na Meli, mwana wa Rindi, wamisionari hao wa Kiingereza walishukiwa kuwa upande wa Meli, wakalazimika kuondoka. Mwaka uliofuata Walutheri wa Leipzig waliingia, wakaanzia Machame, baadaye Mamba na Old Moshi. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kutia nanga Kilema, nao wakaenea Kibosho na Rombo. Ama Uislamu, ulipanda mlima pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, waliokuwa wakifika katika maboma ya mamangi kabla ya kujengwa kanisa lolote. Kisha reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, watu wa pwani wakazidi mjini. Miongoni mwa walioifuata reli hiyo alikuwa babu yangu, fundi cherehani kutoka Pangani.

Basi tazama jinsi mambo yalivyogawanyika. Mtu wa Kibosho akiwa Mkatoliki, na wa Machame akiwa Mlutheri, aghalabu si kwa sababu babu zao walizipima hoja za pande mbili wakachagua iliyo bora. Ni kwa sababu misheni fulani ilifika kwanza katika mgongo fulani wa mlima, na mangi wa hapo akaipa kiwanja. Mto mmoja ulitosha kutenganisha madhehebu. Nami ni Mwislamu wa Moshi kwa sababu reli ilimleta fundi cherehani. Hata hivyo, ng'ambo hii ya mto na ng'ambo ile, watoto walikuzwa wakisimuliwa upotevu wa wenzao, na ndoa ya Mkatoliki na Mlutheri iliweza kuwafanya ndugu wa tumbo moja wasalimiane kwa taabu.

Sisemi kwamba imani iliyomfikia mtu kwa njia hii ni imani ya uongo. Njia iliyokufikisha nyumbani, hata ikiwa ya kubahatisha, haiifanyi nyumba isiwe yako. Na muumini ataniambia kwamba hiyo si bahati, ni kudra ya Mungu. Vyema. Basi kudra iliyomweka yeye huku ndiyo iliyomweka jirani yake kule, na laiti angalizaliwa ng'ambo ya mto, angalisali kama wanavyosali watu wa huko. Anaweza bado kuamini kwamba yeye yumo katika haki. Asichokuwa nacho ni sababu ya kujivuna, na chuki ya kidini, ukiivua nguo zake, aghalabu utakuta ndani yake majivuno.

Watu wema wakiulizwa dawa ya chuki hiyo, hutoa majibu mawili mepesi, na yote mawili yana kasoro.

Jibu la kwanza husema: dini zote ni sawa, basi tusahau tofauti. Maneno haya husemwa kwa nia njema, lakini hayamheshimu muumini. Padri hatoi maisha yake yote kwa jambo analoliona sawa na jingine lolote, wala mama aamkaye usiku wa manane kusali tahajudi hafanyi mchezo. Mkristo anasema kuhusu Yesu jambo ambalo Mwislamu halisemi abadani. Kumwambia mmojawapo kwamba tofauti hiyo si kitu, ni kumwambia kwamba kilicho kitakatifu kwake ni upuuzi. Hiyo ni kung'oa masale ili majirani wasigombane. Atakayefanya hivyo kihambani hataleta amani, ataleta kesi.

Jibu la pili husema: kila mtu akae kwake, asimwingilie mwenzake. Hili lina adabu zaidi, na huenda likazuia mapigano kwa muda. Kasoro yake ni kwamba linatuacha wageni. Nisipopata kuingia nyumbani kwako, nitaijaza nyumba yako kwa dhana zangu. Kibarazani kwetu wapo waliokuwa na uhakika juu ya mambo yanayotendeka katika nyumba za Wakristo wa mlimani, ingawa hawajapata kukaa hata katika moja. Na mlimani wapo waliokuwa na uhakika huohuo juu ya uvivu na uchawi wa Waswahili wa mjini. Ukimya ulikuwepo, amani haikuwepo. Siku habari ya padri ilipofika, ukimya ule ulitoa maneno yaliyokuwa yamelala ndani yake.

Jibu la tatu sikulipata kitabuni. Nimeliona katika kazi za watu, na nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni mfongo. Mifongo ni mifereji ambayo Wachagga waliichimba kabla ya kuja kwa wamisionari, ili kuyatoa maji katika mito ya juu na kuyateremsha hadi vihambani. Mfongo mmoja hupita kwa watu wengi, na ukiziba juu, wa chini hukauka. Kwa hiyo iko zamu ya maji, na iko siku ya kazi, na asiyefika kazini hutozwa. Nimepata kuwaona watu asubuhi ya kazi hiyo. Wanafika wamevaa makoti, maana huko juu kuna baridi. Wanayavua, wanayalaza ukingoni, wanaingia mferejini na majembe. Kazi ikiisha kila mtu hulitwaa koti lake, wala halichanganyi na la mwenziwe. Nilipokuwa nikitafuta maana ya maneno "kuweka kando", picha ile ilinitosha. Kuweka kando si kutupa. Mtu huliweka koti kando kwa sababu analithamini, hataki liingie tope, na kwa sababu iko kazi ambayo haiwezi kumngoja.

Mfano wa pili ni kisu. Katika nyumba nyingi za Wakristo, Moshi mjini na huko mlimani, panapokuwa na harusi au msiba, huitwa Mwislamu achinje, ili mgeni yeyote atakayefika apate kula. Mwenye shughuli habadili dini kwa kufanya hivyo, wala mchinjaji habadili. Linganisha jambo hili na lile la Buseresere. Kisu ni kilekile na mnyama ni yuleyule. Lililobadilika ni swali. Huko waliuliza: nani ana haki ya kuchinja? Huku wanauliza: nani atakosa kula? Swali la kwanza, hata likijibiwa kwa haki, humwacha mmoja ameshindwa. La pili halina wa kushindwa.

Mfano wa tatu ni hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya kilima cha migomba ya Moshi, mali ya Shirika la Msamaria Mwema lililoundwa na makanisa. Huwapokea wagonjwa wa kila dini, na mama yangu, aliyekuwa na tasbihi mkononi hadi dakika ya mwisho, alilazwa humo. Jina la shirika hilo lina mafunzo. Wayahudi na Wasamaria walikuwa majirani waliochukiana kwa ajili ya dini. Waligombania hata mlima gani Mungu aabudiwe juu yake. Katika mfano wa Injili, Msamaria anamkuta mtu wa upande wa pili amelala njiani na majeraha. Hakuna panaposemwa kwamba waliafikiana juu ya mlima. Panasemwa kwamba alisimama, akamfunga majeraha, akalipa gharama za mahali alipomlaza.

Nasi Waislamu tunayo kumbukumbu yetu. Mnamo mwaka 615, Waislamu wa mwanzo walipoudhiwa Makka, walivuka bahari wakakimbilia Habasha kwa Najashi, mfalme Mkristo. Maquraishi walipotuma wajumbe wawadai, mfalme aliwasikiliza wakimbizi wale, akakataa kuwatoa. Inanishangaza, kila nikifikiri, kwamba dini hizi mbili zimehifadhi kila moja ndani ya hazina yake habari ya kuokolewa na mtu wa ng'ambo. Anayefundisha chuki kwa jina la mojawapo hana budi kwanza kuificha habari hiyo.

Hadi hapa nimesema kama kwamba mimi ni hakimu. Sasa yanipasa nisimame kizimbani.

Nilipokuwa kijana nilikuwa na rafiki wa shule kutoka Old Moshi, kwao Walutheri. Siku za likizo nilipanda kwao, na mama yake akanilisha kama mwanawe. Mama huyo alifariki dunia mwaka 1998. Nilikwenda mazishini pamoja na watu wa mtaani kwetu. Jeneza lilipoingizwa kanisani, mimi nilibaki nje, langoni. Wako wanazuoni wanaokataza kuingia, na wako wanaoruhusu. Laiti ningalibaki nje kwa sababu ya imani yangu, nisingekuwa na la kujutia. Nilibaki nje kwa sababu watu wawili wa mtaani kwetu walikuwa wakinitazama. Na baada ya mazishi, chakula kilipoletwa, nilisema nimeshiba. Mchinjaji alikuwa Mwislamu, nami nilimjua kwa jina. Nilisema nimeshiba, na wale wawili wakaniitikia kwa macho.

Rafiki yangu aliona. Hakuniambia neno, na kwa miaka tisa hatukutembeleana.

Mwaka 2007 nilipanda tena. Mimi si Mchagga, kwa hiyo nilimwomba mzee mmoja, jirani yao, anielekeze namna ya kulipeleka jani la isale. Alinielekeza, akanisindikiza. Rafiki yangu alilipokea kwa mikono miwili, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mila inanitaka nikusamehe, ndugu yangu, nami nimekusamehe. Lakini ujue kilichoniuma. Si kubaki nje. Mama mwenyewe angalikuelewa kwa kubaki nje. Kilichoniuma ni kukikataa chakula chake."

Ndipo aliponiambia habari nisiyoijua. Mama yake alikuwa na sufuria ndogo aliyoitundika mbali na vyombo vingine, haikupata kuingizwa nyama ya nguruwe wala mbege. Aliinunua kwa ajili yangu. Kila nilipokwenda likizo alinipikia humo, wala hakunieleza, asije akanitia haya.

Nimeifikiri sufuria ile kwa miaka mingi. Mama yule hakuamini kwamba dini zote ni sawa. Alikuwa mwimbaji wa kwaya na hakukosa ibada. Tofauti yangu na yeye aliijua vizuri kuliko nilivyoijua mimi, maana ndiye aliyeiosha na kuitundika ukutani. Lakini mpaka ule aliutunza kwa ajili yangu. Mimi mpaka uleule niliutumia dhidi yake, nikajificha nyuma yake nisionekane kuwa mwoga. Hapo ndipo nilipolipata jibu la swali la isale. Mpaka si adui wa ujirani. Swali ni moja tu: unautunza kwa ajili ya nani? Ukiutunza kwa ajili ya jirani, ukijua asichokula, saa yake ya sala, siku yake ya mfungo, msiba wake na namna yake ya kuzika, mpaka huo ni adabu. Ukiutunza ili ujione bora kuliko yeye, mpaka huo huo ni mwanzo wa tindikali na risasi.

Kazi yangu ya kufasiri imenizidishia yakini. Kurani ilipofasiriwa kwa Kiswahili na kupigwa chapa mwaka 1923, mfasiri alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyeishi Zanzibar, Godfrey Dale, na nia yake haikuwa kuusifu Uislamu. Mwaka 1969 ilitoka tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwana wa Unguja. Watu hao wawili walitofautiana katika mengi. Lakini hakuna aliyeweza kufanya kazi bila ya maneno rehema, toba, dhambi, malaika na baraka, na maneno hayohayo husikika kila Jumapili katika makanisa ya mlimani na kila Ijumaa katika misikiti ya Moshi. Hata tunapogombana juu ya Mungu, twagombana kwa maneno tuliyoazimana.

Sidai kwamba jani laweza kuchukua nafasi ya mahakama. Aliyemwaga damu na ahukumiwe, yeye mwenyewe, kwa jina lake na kwa kitendo chake, wala asipewe "wale" wa kumbebea. Lakini mahakama hufika baada ya tendo. Kabla ya tendo ziko siku elfu za kawaida, za sufuria, za kisu, za mfongo, na humo ndimo chuki hulishwa au hunyimwa chakula. Rafiki yangu na mimi tungali tukitofautiana. Yeye huenda kanisani, mimi huenda msikitini, na hakuna aliyemwomba mwenzake aache. Nikipanda kwao hula.

Nami, kwa kuwa jarida hili ni la watu wa mashairi, naomba ruhusa nifunge kwa ubeti:

Mpaka wa kihambani, jirani haukukata,
Una jani la amani, mwenye kosa hulipata,
Ushike yako imani, nami yangu nitafwata,
Chuki haina idhini, baina yetu kupita.